Baba Hajashiba

Kwa! Kisha kwata-kwata, kisha kimya.

Sheng-yao alikuwa bado amefumba macho, na mkono wa Ruei-de umemlalia kifuani, mzito kama gunia la mchele. Aliitambua sauti ile kabla hajakumbuka yuko wapi. Ilikuwa ya vibao viwili vya mti, vilivyochongwa mfano wa mwezi mchanga, upande mmoja bapa, wa pili umetuna, vikianguka kwenye sakafu ya vigae huko juu, ghorofa ya tatu, mbele ya madhabahu ya wazee wa ukoo. Mama ameanza. Leo Baba alikuwa anatimiza miaka sita kaburini, na Mama hakuwa mtu wa kungoja jua lipande ndipo aongee na mumewe.

Kwa! Kwata.

"Toa mkono," alinong'ona.

"Mkono umekosa nini?"

"Baba yuko juu."

Ruei-de alifumbua jicho moja, akaitazama dari, akalifumba tena. "Baba yako alikuwa na sikio moja bovu akiwa hai. Kufa hakutibu masikio."

"Halafu wewe si ulitandikiwa chini?"

"Chini nimetandikiwa godoro la mtoto wa shule ya msingi. Kichwa kilikuwa chumbani, miguu iko jikoni. Mama yako angenikanyaga akienda kuchemsha maji."

Mambo yalikuwa hivyo kila walipokuja Madou, nyumbani kwa kina Sheng-yao. Kule Kaohsiung walikoishi, wawili hawa walikuwa wanaume wazima wenye afya zao. Jirani wa chini aliwahi kuwagongea dari kwa mpini wa ufagio, mara mbili, na mara ya pili Ruei-de alimshukia na boksi la keki kumwomba radhi. Lakini Sheng-yao akishakanyaga kizingiti cha kwao, mwili wake ulijifunga kama duka siku ya msiba. Busu la shavuni alilikwepa. Mguu ukigusana na mguu chini ya meza, aliuvuta kana kwamba umeguswa na moto. Na kwa miaka tisa, kwa majirani, kwa Shangazi, kwa kila aliyeuliza na hata kwa ambaye hakuuliza, Ruei-de, fundi viyoyozi mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala, alikuwa na cheo kimoja tu: mpangaji.

"Yao." Sasa macho yote mawili yalikuwa wazi. "Leo ndiyo leo."

"Najua."

"Hujui, nakukumbusha. Jumatano tunakwenda kuandikisha ndoa. Lakini mimi siandikishwi kwa kificho kama pikipiki ya wizi. Leo unamwambia baba yako mimi ni nani, kwa mdomo wako, na kila aliyemo humu asikie. Usipomwambia, Jumatano nenda peke yako ukajioe."

"Usipaze sauti."

"Unaona? Ndiyo hiyo ninayoisema." Ruei-de akaketi, na kitanda kikalia kama bata aliyekanyagwa. Sheng-yao akajikunja na kujifunika shuka gubigubi, mwalimu mzima wa hesabu, ambaye wanafunzi thelathini walinyamaza akikohoa tu.

Hofu yake ilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, baba yake alimkuta kwenye kibanda cha shamba la mabalungi pamoja na mtoto wa muuza mbolea, wote wawili vifua wazi, na mbolea haikuwapo. Mzee Kang aliwatazama kwa kadiri ya pumzi tatu. Kisha akachukua mkasi wake wa kupogolea uliotundikwa ukutani, akatoka, akapogoa miti mpaka giza likaingia. Hakusema neno siku ile, wala kesho yake, wala hata alipokuwa kitandani anakata roho. Neno ambalo halikusemwa lilimkaa mwanawe kooni kama mwiba wa samaki. Halikumuua, ila kila alipotaka kusema jambo la maana, lilimchoma.

*

Saa tano asubuhi walikuwa wote ghorofani, wanatoka jasho kama mandazi kwenye mafuta. Mezani mbele ya madhabahu palikuwa na kuku mzima mwenye kichwa chake, samaki wa kukaanga, pande la nyama ya nguruwe, bakuli la tambi, mabalungi matatu ya msimu mpya na kopo la bia lililokwisha funguliwa. Vijiti vya udi vilikuwa vimeungua hadi nusu. Kanuni ni moja, na hakuna asiyeijua: mwenye siku yake ndiye aanzaye kula. Walio hai hawagusi kitu mpaka marehemu aseme ameshiba, na marehemu husema kwa vibao. Kibao kimoja kikilala chali, upande bapa juu, na kingine kifudifudi, jibu ni ndiyo. Vyote viwili vikilala kifudifudi, ni hapana. Vikilala chali vyote, basi mwenyewe huko aliko anakucheka.

Sheng-yao, mtoto wa kwanza na wa pekee, akapiga magoti, akaviinua vibao hadi kwenye paji la uso.

"Baba, umeshiba?"

Kwa-kwata. Hapana.

"Mpe muda," alisema Mama. "Alikuwa mtu wa kutafuna polepole."

Wakampa dakika kumi. Hapana. Wakampa kumi nyingine. Hapana. Tumbo la Ruei-de, aliyesimama kwa heshima karibu na ngazi, likanguruma kwa sauti iliyowafanya wote wageuke.

"Huyo mpangaji wako ana njaa," alisema Shangazi Siok-luan.

Shangazi alikuwa dada wa marehemu, mwanamke wa miaka sabini na miwili mwenye nywele zilizotiwa rangi nyeusi ti kama viatu vya polisi. Kazi yake ilikuwa kuozesha. Alikuwa ameshafungisha ndoa arobaini na moja, na waliobaki pamoja hakuwahi kuwahesabu.

"Kuku huyu mgumu, wifi," alimwambia Mama. "Mimi ningekuwa Kaka, ningegoma pia."

"Kuku wangu mgumu? Mwaka jana ulibeba mapaja yote mawili ukasema ni ya paka."

"Paka alilalamika."

Mama akamgeukia mwanawe. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa hayakosi vumbi hata chini ya kabati. "Sheng-yao, huyu hana shida na kuku. Baba yako ana neno na wewe. Mweleze habari zako, labda ndizo anazongoja. Mwanzo mwanzo, vizuri: jina, tarehe, mahali unapokaa. Usimchanganye mzee."

Sheng-yao alihisi macho ya Ruei-de mgongoni, mawili, kama pasi za moto.

"Baba. Mimi Kang Sheng-yao, mwanao. Ninakaa Kaohsiung. Mwaka huu... mwaka huu nimepandishwa cheo. Tumehamia nyumba yenye jikoni kubwa. Mimi na... na mpangaji wangu. Mambo ni mazuri. Je, umefurahi?"

Kwa! Vyote chali.

"Anacheka," alisema Mama.

"Sema tena," alisema Shangazi. "Umesema vibaya. Mtu ana nyumba yenye jikoni kubwa halafu ana mpangaji, hata mimi nimecheka."

"Baba, nilikuwa nasema, huyu ninayekaa naye. Mwenzangu. Yaani tunasaidiana maisha."

Kwata! Vyote chali.

"Rafiki yangu wa karibu. Wa karibu sana, Baba."

Safari hii kibao kimoja kiliangukia ukingo, kikazunguka kama pia, kikacheza mbele yao wote, kikaegemea mguu wa meza, kikafikiri, kisha kikalala chali kando ya mwenzake.

"Hakuwahi kucheka hivi akiwa hai," alisema Shangazi kwa mshangao. "Hata siku ya harusi yake."

"Siku ya harusi yake hasa," alisema Mama.

Sheng-yao alitazama nyuma. Ruei-de alikuwa amekunja mikono kifuani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa na uso wa fundi aliyekwisha kagua mashine, akagundua haitengenezeki, na sasa anatafuta namna ya kumwambia mwenye nyumba bila kumuumiza. Alijifuta jasho shingoni, akatazama ngazi.

"Nimeshajua!" Shangazi alipiga makofi. "Kaka anataka harusi! Ndiyo maana hashibi. Mtu anashibaje na nyumba haina shangwe? Wewe Sheng-yao nimekuchoka, kila binti ninayekuletea unamwita dada. Lakini huyu mpangaji anakula kwenye meza yetu mwaka wa tisa, naye ni kama wa humu. Mara tatu nimeshamtafutia, leo ya nne; tuanze na yeye, labda utaona wivu."

"Shangazi, hapana, hiyo..."

"Nyamaza. Nina mjane mmoja hapa Madou, anauza tofu, ile jibini ya soya. Mikono laini! Ana nyumba yake, hana mkwe wa kumsumbua, anapenda wanaume wa kazi. Na kiyoyozi chake kimeharibika." Alimtazama Ruei-de toka kichwani hadi miguuni kama anayenunua kabati. "We fundi, una neno?"

"Mimi ninamsikiliza mzee tu, Shangazi," alisema Ruei-de kwa upole. "Mzee akisema ndiyo, mimi ni nani nibishe?"

"Unaona malezi hayo? Lete vibao."

Akavinyakua, akapiga magoti huku akilaani goti la kushoto, akapaza sauti kama anayenadi samaki.

"Kaka! Mimi Siok-luan, dada yako! Hapa yupo Pan Ruei-de, fundi viyoyozi, mzaliwa wa Hualien, mwenye nguvu na adabu. Je, nimwozeshe kwa yule mjane wa tofu? Jibu moja!"

Kwa-kwata. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

"Ndiyo!" alipiga kelele Shangazi.

"Mara moja si kitu," alisema Sheng-yao haraka, na sauti yake ilipanda juu kama ya mvulana anayebalehe. "Jambo kubwa kama hili lazima iwe mara tatu mfululizo. Kanuni ni kanuni."

"Nani kakataa?" Kwa! Kimoja chali, kimoja kifudifudi. "Ndiyo ya pili! Kaka yangu huyo! Asubuhi nzima mnamtukana kuku wa watu, kumbe mtu alitaka kuulizwa swali la maana!"

Sheng-yao alikuwa mwalimu wa hesabu. Alijua kwamba ndiyo huangukia nusu ya mirusho, na kwamba ndiyo mbili zilizotangulia haziizuii ya tatu. Alijua yote hayo, wala hayakumsaidia kitu. Alichokiona ni baba yake, yule yule aliyekaa kimya miaka kumi na moja, amefungua kinywa baada ya kufa ili amchukue Ruei-de wake ampe muuza tofu. Akaiona ile mikono laini. Akamwona Ruei-de juu ya ngazi nyumbani kwa mjane, shati limemganda mgongoni, mjane amemshikia ngazi, anamwuliza kama amekula. Na Ruei-de, mshenzi yule, hakosi kuwa na njaa.

Shangazi akavirusha vibao mara ya tatu.

Havikufika chini. Sheng-yao aliruka kutoka pale alipopiga magoti, akakidaka kimoja hewani kwa mkono wa kulia, na kingine akakikandamiza kwenye tumbo lake kama mlinda mlango. Goti likagonga meza. Bia ikamwagika juu ya samaki.

Tangu Madou iwe Madou, hakuna mtu aliyewahi kudaka jibu la marehemu hewani.

"Wewe una kichaa?" Shangazi alinong'ona.

"Huyu haozeshwi."

"Kwa nini?"

"Ana mtu."

"Ana mtu gani? Miaka tisa sijamwona na mtu! Kila mwaka anakuja hapa na wewe, anaondoka na wewe, anakaa na wewe, muda wa kuwa na mtu anaupata wap..." Shangazi alisimama katikati ya neno. Akamtazama Sheng-yao. Akamtazama Ruei-de.

Sheng-yao akayageukia madhabahu. Vibao mkononi vilikuwa vimelowa bia. Hakupiga magoti. Alisema akiwa amesimama, kwanza kwa sauti ndogo, kisha akaona kwamba sauti ikishatoka haiwezekani kuifinyanga, akaiacha iende.

"Baba. Mimi Kang Sheng-yao, mwana wa Kang Bo-tsun, mzaliwa wa nyumba hii. Huyu ni Pan Ruei-de. Si mpangaji. Hajawahi kulipa hata mwezi mmoja. Huyu ni mwanamume wangu. Ninalala naye, ninaamka naye, na ninapenda kulala naye na ninapenda kuamka naye. Nilikuwa hivi ulipotukuta kibandani, na nilikuwa hivi kabla hujatukuta. Jumatano tunafunga ndoa. Sikuombi ruhusa, Baba. Nakupa habari, kwa sababu wewe ni baba yangu na ni aibu habari hii kuisikia kwa majirani."

Udi ukadondosha majivu.

"Mara nne!" alilia Shangazi ghafla. "Mara nne nimemtafutia huyu mtu wachumba! Nimemsifia kwa watu! Nimesema, 'Mpangaji wa mpwa wangu hanywi, havuti, hana mwanamke!' Kumbe kweli kabisa hana mwanamke! Wifi, ulikuwa unajua?"

Mama alikuwa anafuta bia mezani kwa kitambaa, taratibu. "Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema. "Na siri ya kitanda aijuaye mfuaji. Nimefua mashuka yao mwaka wa tisa huu. Lile la chini linarudi na mikunjo ya dukani."

Sheng-yao akahisi damu yote ya mwili imepanda masikioni. "Mama! Sasa kwa nini unamtandikia chini kila mwaka?"

"Wewe ndiye uliyesema mpangaji. Mimi nimempa kitanda cha mpangaji. Nilikuwa nangoja uniambie kidogo, ninunue kile kikubwa. Hicho mnacholalia kinapiga kelele, mwanangu. Tangu saa kumi na moja ninarusha vibao hapa si kwa sababu ya ibada. Nilikuwa namzuga baba yako."

Ruei-de akaangua kicheko. Kilianzia tumboni, kikamtikisa mabega yote, na alipojaribu kukizuia kwa heshima ya marehemu, kikamtokea puani. Shangazi alimtazama kwa hasira kuu, kisha pembe ya mdomo wake ikamsaliti, akageuka upande wa ukuta.

"Muulize kama amesikia," alisema Mama.

Sheng-yao akaviinua vibao. "Baba, umesikia?"

Kwa-kwata. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

"Amesikia," alisema Mama, na sauti yake ikapasuka kidogo katikati.

"Sasa muulize kama ameridhika," alisema Shangazi. "Ndilo swali lenyewe hilo. Rusha."

Sheng-yao akaviinua tena. Vilikuwa vyepesi, viwili tu, vimelainishwa na viganja vya babu na bibi na mababu wasiojulikana hata majina. Angeweza kurusha. Ikija ndiyo, angeishi kwa amani mpaka mwakani, ndipo arushe tena. Ikija hapana, angerudi chini ya shuka. Akafikiri ni mara ngapi amekwisha kurusha kimoyomoyo tangu siku ya kibandani, kila siku akimwuliza swali hilo hilo mtu aliyekwenda zake kupogoa miti.

Akavirudisha kwenye kisahani chao.

"Hapana, Shangazi. Hilo siulizi."

"Unaogopa jibu?"

"Nilikuwa naogopa. Sasa lina faida gani? Akisema hapana, Jumatano itaacha kuja?"

Shangazi alimwendea Ruei-de, akamzunguka kama anayekagua mzigo uliofika ukiwa umefunguliwa.

"Wa Hualien," alisema. "Mama yako anajua?"

"Anajua, Shangazi. Ameshashona nguo ya sherehe. Nyekundu."

"Nyekundu? Nyekundu ni ya mshenga, ni yangu mimi! Mwambie avae kijani." Akavuta pumzi. "Na huyo aliyewakutanisha nyie wawili ni nani? Alipewa nini?"

"Hakuna aliyetukutanisha. Nilikwenda kutengeneza kiyoyozi."

"Basi tutasema nilikituma mimi hicho kiyoyozi. Itakuwa ndoa ya arobaini na mbili. Hakuna mtu katika ukoo huu atakayeoa bila mkono wangu."

Mama akachukua vibao mara ya mwisho, kwa sababu tambi zilikuwa zimevimba na samaki alikuwa amelewa. "Mzee, umeshiba?"

Hapana.

"Loo!" alisema Shangazi.

"Aendelee," alisema Mama. "Tulimchelewesha kwa maneno. Vuta viti, tutakula naye."

"Wifi! Kula na marehemu meza moja, haijapata kutokea!"

"Na kudaka vibao hewani kumepata kutokea? Kaa, Siok-luan. Chukua paja."

Shangazi akakaa. Ruei-de akaleta viti, akamsogezea Mama, akamsogezea Shangazi, akaacha kimoja upande wa madhabahu, mbele ya bakuli la Baba. Lakini yeye mwenyewe hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha Sheng-yao, vijiti vya kulia mkononi, na kicheko kilikuwa kimemwisha usoni.

"Humu ndani umesema," alisema polepole. "Nimesikia, na nitasikia mpaka nife. Lakini humu ni watu watano, na mmoja amekufa. Nje je?"

Mama akatazama bakuli lake. Shangazi akaacha kutafuna, jambo gumu kwake.

Sheng-yao akainuka. Akaushika ule mkono mzito aliouondoa kifuani asubuhi, akaufumbata kwa mikono yake miwili, machoni pa mama yake na shangazi yake na picha ya baba yake ukutani.

"Jumatano saa tatu asubuhi hatuendi ofisi ile niliyoichagua ya mbali, ambako hakuna anayenijua," alisema. "Tunakwenda ya hapa hapa Madou, kwa miguu. Nitakushika mkono tangu mlangoni, nipite na wewe sokoni kati, nipite na wewe mbele ya hekalu wazee wakiwa wanacheza karata, na yeyote atakayeuliza huyu ni nani, nitamjibu mimi, kwa sauti hii hii, kabla hajamaliza kuuliza."